Nguo Zetu na Afya ya Udongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mkulima wa pamba, fundi wa batiki, muuza mitumba, na yeyote anayenunua nguo na kutaka kujua ardhi inalipa nini. Mifano mingi ni ya Usukuma, kwa kuwa sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania hutoka Simiyu, Shinyanga na mikoa jirani.

Fulana moja hutumia ardhi kiasi gani?

Tupige hesabu. Fulana ya mtu mzima ina uzito wa gramu 200 hivi. Katika kusokota, kufuma na kukata, sehemu ya nyuzi hupotea, hivyo kiwandani zinahitajika kama gramu 270 za pamba nyuzi. Pamba mbegu, ile ambayo mkulima huipeleka kwenye mizani, hutoa nyuzi asilimia 38 hivi, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni mbegu. Maana yake fulana hiyo ilianza kama gramu 700 za pamba mbegu.

Mkulima anayevuna kilo 300 kwa ekari, mavuno ya kawaida kwa wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa, hupata gramu 74 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo fulana moja imechukua mita za mraba 9 na ushei: chumba cha mita 3 kwa 3. Shamba lililotunzwa likitoa kilo 900, fulana ileile inatoka kwenye mita 3 tu za mraba. Hapa ndipo udongo unapokutana na mitindo. Shamba likichoka, mkulima hafuti kilimo cha pamba. Anafyeka pori jingine.

Ni kweli pamba "hula" udongo?

Si kwa namna watu wanavyodhani. Nyuzi za pamba ni selulosi karibu tupu, yaani kaboni, haidrojeni na oksijeni, vitu ambavyo mmea umevipata hewani na kwenye maji. Rutuba imo kwenye mbegu. Kilo 300 za pamba mbegu zina mbegu kama kilo 180, na ndani yake naitrojeni kama kilo 6. Magunia 15 ya mahindi huondoa zaidi ya mara tatu ya hiyo.

Kwa nini basi mashamba ya pamba huchoka? Kwanza, hukaa wazi. Pamba hupandwa mvua za Novemba na Desemba zinapoanza, na majani yake huchelewa kufunika ardhi, wiki 6 hadi 8, huku palizi zikiuacha udongo mtupu mbele ya mvua kali. Tabaka la milimita moja tu likichukuliwa na maji kwenye ekari moja, zimeondoka zaidi ya tani 5 za udongo wa juu. Ukiwa na naitrojeni asilimia 0.1, ni kilo 5 na zaidi: mmomonyoko ambao jicho halikuuona umeondoa karibu sawa na mavuno yote. Pili, mabua huchomwa. Tatu, mbegu huenda kiwanda cha kuchambua pamba, ikakamuliwa mafuta, mashudu yakauzwa mbali. Kinachotoka shambani hakirudi.

Samadi kiasi gani inatosha?

Tani 1 kwa ekari kila mwaka, au tani 3 kila baada ya miaka mitatu. Mkokoteni wa ng'ombe hubeba kati ya kilo 300 na 500, hivyo tani 3 ni safari 6 hadi 10. Kama samadi ni kidogo, usiitawanye shamba zima. Weka kiganja kimoja au viwili kwenye kila shimo, changanya na udongo, kisha panda.

Makosa yanayorudiwa ni yaleyale. Samadi inayochotwa zizini mwishoni mwa kiangazi imepigwa jua miezi mingi. Naitrojeni imeruka, na nusu ya unachobeba ni mchanga. Irundike kivulini kuanzia Juni au Julai, ifunike kwa nyasi, mwagia maji mara moja moja. Ukiisambaza, ifukie siku hiyohiyo. Samadi mbichi nayo huunguza miche na kuleta mbegu za magugu shambani.

Nizuie vipi maji yasichukue udongo?

Kwenye miteremko ya luseni, ule udongo wa kichanga wa karibu na vilima vya mawe, lima matuta yanayokata mteremko, kisha ziba mifereji kwa vizuizi vya udongo kila baada ya mita 1.5 hadi 2. Kila kijisehemu kinakuwa bakuli la maji. Kizuizi kiwe kifupi kuliko tuta, kama theluthi mbili ya kimo chake, ili maji yakizidi yapite juu ya kizuizi na yasivunje tuta.

Njia hii huharibika kwa sababu mbili. Matuta yasipofuata usawa wa ardhi, maji hukusanyika upande mmoja, tuta la juu hupasuka, likapasua la pili na la tatu, na msimu ukiisha una korongo. Na usiifanye mbugani. Udongo mweusi wa mbuga hushika maji wenyewe, na pamba iliyosimama kwenye maji hupata manjano na kudondosha vitumba.

Maotea yachomwe au yasichomwe?

Maotea ni mabua ya pamba yanayobaki shambani baada ya mavuno. Hili ndilo swali gumu kuliko yote hapa, kwa sababu pande zote mbili zina hoja. Kanuni za zao la pamba zinataka mabua yang'olewe na kuchomwa baada ya mavuno. Kwa Kanda ya Magharibi ya kilimo cha pamba, ambamo Usukuma imo, tarehe inayotangazwa ni Septemba 15. Sababu ni ya kweli. Funza mwekundu hujificha kwenye vitumba vilivyobaki na kwenye mbegu, akasubiri msimu ujao. Shamba moja lenye maotea huambukiza majirani wote, na hapo kila mtu huongeza dawa.

Lakini moto nao una gharama. Mabua yana uzito wa mara mbili hadi tatu ya pamba iliyovunwa. Yakiungua, majivu hubakiza fosforasi na potasi, ila naitrojeni, salfa na mboji ambayo yangetengeneza hupanda na moshi. Kwa udongo wa kichanga ambao tayari una mboji kidogo, hasara hiyo inauma.

Msimamo wetu: kung'oa hakuna mjadala, na kufanyike kwa wakati. Kinachoweza kubadilika ni namna ya kuteketeza, na hapo zungumza na afisa ugani wa kata kabla ya kubadili chochote. Njia mbili zinafaa.

Ya kwanza ni kutengeneza mkaa wa shambani. Chimba shimo la umbo la faneli, kina mita 1, mdomo mita 1.5. Washa moto mdogo chini, ongeza mabua makavu tabaka kwa tabaka. Kila tabaka likianza kuonyesha majivu meupe juu, weka jingine. Shimo likijaa, zima kwa maji mengi au funika kwa udongo mpaka moshi uishe kabisa. Wadudu wanakufa, sehemu ya kaboni inabaki. Mkaa huo usiuweke shambani peke yake, kwa maana ukiwa mkavu hunyonya naitrojeni ya udongo. Uloweke kwanza na samadi, ndoo 1 ya mkaa kwa ndoo 2 za samadi, wiki 3 au zaidi.

Ya pili ni mboji ya joto. Katakata mabua vipande vya urefu wa kidole, panga tabaka la sentimita 20 la mabua, sentimita 5 hadi 10 la samadi, majani mabichi kidogo, maji, kisha rudia hadi kimo cha mita 1.2. Chomeka fito ndefu katikati. Siku ya tano ichomoe: ikiwa ya moto kiasi kwamba huwezi kuishikilia, lundo linafanya kazi. Ikiwa vuguvugu, samadi ni kidogo au lundo ni kavu, na funza atapona. Geuza kila wiki mbili ili pembe za nje ziingie ndani. Lundo ambalo halijapata moto ni hatari kuliko maotea yenyewe, hilo lichome.

Nitajuaje kama chini kuna tabaka gumu?

Tumia maotea hayohayo. Unapong'oa, tazama mzizi mkuu. Ukiwa umenyooka kwenda chini, shukuru. Ukiwa umepinda kwa ubavu kama herufi L kwenye kina cha sentimita 12 au 15, plau imesugua hapo miaka mingi na kuacha sakafu. Mmea wa namna hiyo hunyauka wiki ya pili tu ya ukame wakati maji yapo chini ya sakafu.

Vunja sakafu kwa ripa ya Magoye, jembe la kupasua udongo linalokokotwa na ng'ombe, kwenye mstari utakaopanda, udongo ukiwa mkavu ili upasuke. Ukiwa na unyevu meno yanapita kama kisu kwenye ugali na hakuna kinachovunjika. Itogolo, yaani ardhi ngumu kwa asili, ni jambo jingine. Huko udongo mara nyingi una chumvi za sodiamu, na ripa peke yake haitoshi. Eneo hilo ni bora libaki malisho.

Nizungushe pamba na mazao gani?

Mtama au mahindi mwaka wa pili, choroko au kunde mwaka wa tatu, halafu pamba. Pamba ina faida isiyosemwa sana: mizizi yake huamsha mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mtama, zilizolala ardhini, zikaota na kufa kwa kukosa mwenyeji, hivyo mtama unaofuata hupata nafuu. Mzunguko pia hupunguza mnyauko fuzari, ugonjwa unaokaa udongoni miaka mingi na kuzidi pale minyoo ya mizizi ilipo, hasa kwenye mchanga. Angalizo ni kwa dengu na mbaazi. Hizi hupendwa pia na funza wa vitumba, kwa hiyo zisikae jirani na pamba.

Shinyanga iliwahi kuitwa jangwa. Pamba ilihusika?

Ilihusika, ingawa si peke yake. Misitu ilifyekwa wakati wa ukoloni kutokomeza mbung'o, mifugo ikaongezeka, na pamba ilipopanuka katika miaka ya 1950 na 1960 uzalishaji ulikua zaidi kwa kuongeza eneo kuliko kwa kuongeza mavuno ya ekari. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Uliporudi kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho ili lipumzike msimu wa mvua, miti ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi. Ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta 600 tu mwanzoni. Mwisho wa mradi zilizidi hekta 300,000. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator mwaka 2002. Udongo ambao haujachimbika hadi mwamba hurudi, ukipewa nafasi.

Dawa za pamba hukaa udongoni muda gani?

Inategemea aina. DDT, iliyotumika sana kwenye pamba duniani, huchukua miaka mingi kupungua. Endosulfani iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm mwaka 2011 ili iondolewe. Dawa za siku hizi za kundi la pairethroidi huvunjika ndani ya wiki kadhaa, lakini hushikamana na udongo, na udongo ukisombwa hadi bwawani samaki hufa.

Ekapaki, yaani chupa ya dawa ya pamba iliyopimwa tayari, moja ni ya ekari moja. Kuigawa kwa ekari mbili hakuokoi kitu: funza dhaifu hufa, sugu hubaki wakazaana. Kagua kabla ya kupulizia, ukipita shamba kwa kukata kona hadi kona. Chupa isuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuza yarudi kwenye bomba la kupulizia na kumalizikia shambani. Sehemu ambayo watu huoshea mabomba kila mara, kando ya kisima au lambo, ndiyo mara nyingi yenye sumu kuliko shamba lenyewe.

Pamba ya kilimo hai ina tofauti gani kwa udongo?

Haitumii mbolea wala dawa za viwandani, kwa hiyo mkulima analazimika kurudisha samadi na kuzungusha mazao. Tanzania ina uzoefu wa muda mrefu: mradi wa bioRe wilayani Meatu ulianza mwaka 1994. Lakini neno "hai" kwenye lebo halizuii mmomonyoko. Shamba la kilimo hai lililolimwa kufuata mteremko hupoteza udongo kama lingine.

Ni kweli fulana moja hunywa lita 2,700 za maji?

Ni makadirio ya wastani, na maji ya mvua yamo ndani. Usukuma hulima kwa mvua, hivyo kilio chake ni udongo unaosombwa. Kilio cha maji kiko Uzbekistan na majirani zake. Kuanzia miaka ya 1960, mito ya Amu Darya na Syr Darya ilielekezwa kwenye mashamba ya pamba, Bahari ya Aral ikakauka karibu yote, na upepo sasa hubeba vumbi la chumvi kutoka sakafu yake hadi mashambani. Umwagiliaji usio na mifereji ya kutolea maji nao huleta chumvi: maji hupanda juu, jua huyakausha, chumvi inabaki.

Basi polista ni rafiki wa ardhi, kwani hailimwi?

Hapana. Mwaka 2023 polista ilikuwa asilimia 57 ya nyuzi zote zilizozalishwa duniani, na haiozi. Kila kufua huachia nyuzinyuzi ndogo, na beseni likimwagwa uani, huishia udongoni. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa nyuzi za polista hubadili jinsi udongo unavyoshikamana na kushika maji. Mwagilia bustani kwa maji ya suuzo la mwisho tu. Maji ya kwanza yana uchafu, nyuzi na sodiamu ya sabuni.

Ninatengeneza batiki nyumbani. Maji ya rangi niyamwage wapi?

Usiyamwage bustanini. Maji yenye kostiki na haidrosi, kemikali za kuyeyusha rangi, ni makali mno, na sodiamu yake hutawanya chembe za mfinyanzi: udongo hufunga, maji husimama juu, nyasi hufa.

Yaache kwenye ndoo ya plastiki iliyo wazi hadi kesho yake, ukikoroga mara kwa mara. Hewa huiua haidrosi, na rangi hurudi kuwa chembe zinazozama. Chuja kwa kitambaa kilichowekewa mchanga; tope likikauka, lifunge kwenye mfuko liende jalalani. Kisha tia siki kidogo kidogo. Kila gramu 20 za kostiki huhitaji kama mililita 600 za siki ya asilimia 5. Pima kwa karatasi ya pH hadi ifike 7 au 8. Usitie siki kabla haidrosi haijaisha nguvu, kwani hutoa gesi ya salfa inayobana kifua. Hata baada ya hapo sodiamu bado imo, hivyo maji yaende kwenye mfereji wa maji taka au shimo lililo mbali na kisima.

Kama eneo limeshaharibika, jasi husaidia, nayo huchimbwa Itigi na Makanya. Nusu kilo hadi kilo 1 kwa mita ya mraba, ichanganye kwenye sentimita 15 za juu, kisha mwagilia maji safi mengi. Kama maji hayana pa kutokea, sodiamu haiondoki na jasi imepotea bure.

Matope ya kiwanda cha ngozi yanafaa kuwa mbolea?

Hayafai, hata kama mtu anakupa bure na mimea inaonekana kustawi mwaka wa kwanza. Ngozi nyingi duniani hulainishwa kwa kromiamu, nayo ni metali: haiozi wala haivukizwi, inajilimbikiza. Ngozi zilizohifadhiwa kwa chumvi nazo huacha chumvi nyingi zinapokung'utwa. Ipo njia ya magome ya miti; Njombe imekuwa ikitengeneza dawa ya ngozi kutoka kwenye miwati tangu katikati ya karne iliyopita. Ila miwati nayo huenea ovyo isipodhibitiwa.

Naweza kuozesha nguo kuukuu na mitumba isiyouzika?

Pamba tupu, ndiyo. Choma uzi mmoja kwanza: pamba hunukia karatasi na kuacha jivu laini, polista huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Vitenge vingi siku hizi ni polista, kwa hiyo usiamini macho. Toa vifungo, zipu, mipira ya kiuno na mishono, maana uzi wa kushonea kwa kawaida ni polista hata kwenye nguo ya pamba. Kata vipande vya sentimita 3 hadi 5, loweka, na usizidishe sehemu 1 ya nguo kwa sehemu 3 za samadi, la sivyo lundo litapoa. Nguo za polista usizifukie kuziba mashimo shambani wala kuzitandaza kuzuia magugu. Zinachanika na kubaki humo.

Kuna kipimo rahisi cha uhai wa udongo?

Kipo, na kinatumia nguo. Chukua kitambaa cha marekani cha pamba tupu, kifue kutoa wanga, kianike, kata vipande vitano vya sentimita 20 kwa 20, pima uzito. Mvua zikishashika, fukia kila kimoja kikiwa kimesimama wima, kuanzia sentimita 5 hadi 25 chini ya uso wa ardhi, na weka kijiti cha alama. Fukia vingine vitano chini ya mti au kwenye ngitili ya karibu kwa kulinganisha. Siku ya 60 fukua taratibu, suuza, anika, pima tena.

Kikibaki nyuzi chache tu, vijidudu vipo kazini. Kikitoka kizima, udongo una mboji kidogo, au ulikuwa mkavu, au ulituama maji. Ndiyo maana kiangazi hakifai kwa kipimo hiki. Jihadhari na mchwa. Wao hukata kitambaa kwa kingo safi na kuacha vijia vya udongo juu yake, na kipande hicho usikihesabu hata kama kimeliwa chote.